Fundi Makochi Asiyejua Kukaa

Fundi huyu amewakalisha watu wengi kuliko yeyote mtaani, ila yeye mwenyewe hajui kukaa. Makochi ya kila aina yamepita mikononi mwake: ya daktari wa meno, ya ofisi ya bima, ya kinyozi wa kona, hata la mzee mmoja aliyetaka lishonwe upya upande mmoja tu, kwa sababu upande wa mkewe, aliyehama siku nyingi, ulikuwa bado mzima. Yote ameyavua, ameyakaza mikanda, ameyatia sponji na kuyakandamiza kwa ngumi mbili, na hakuna hata moja alilolikalia. Akimaliza husimama kando, mikono kiunoni, akamwambia mteja, "Kaa wewe, mimi naangalia." Mganga hajigangi, ndiyo hayo.

Mtaani wanamwita Kiguu na Njia, naye haoni kama ni tusi. Anakula wima. Anaongea na simu huku anafagia. Mume aliyekuwa naye, mtu mpole aliyesoma gazeti mpaka matangazo ya nyumba za kupanga, alivumilia miaka sita kisha akasema amechoka kuishi na upepo. Hawakugombana. Siku anaondoka, mke ndiye aliyempangia sanduku, akamkunjia hadi soksi, akakaza na kufuli lililokuwa limelegea. Majirani wakasema mwanamke yule hana moyo. Wapi! Moyo anao, na siku ile ulikuwa unamuuma. Ila yeye akiumia mikono ndiyo inayotafuta kazi, na kazi iliyokuwepo ilikuwa soksi.

Ugonjwa huu alizaliwa nao. Baba yake alikuwa fundi makochi pia, na alimfundisha ufundi akiwa mdogo kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kumweka mahali pamoja. Shuleni mwalimu alikuwa akimtuma chaki hata chaki ikiwepo, darasa lipumzike kidogo. Mdogo wake wa kiume alikuwa kinyume kabisa: ukimweka asubuhi unamkuta jioni palepale, anatabasamu. Walipendana kama watu wasioelewana. Na mdogo huyo ndiye aliyetangulia, miaka mitano iliyopita, ugonjwa wa kifua, mkewe akiwa ameshatangulia kabla yake. Aliacha binti wa miaka minne.

Sasa hapa ndipo penye mwiba. Siku ya msiba binti alikuwa amepakatwa na bibi yake, mama wa mama yake, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Watu wakamtazama shangazi mtu, kama watu wanavyotazama. Shangazi mtu alikuwa anakusanya vikombe. Akasema, bila kusimamisha mikono, "Nitakuja kumchukua nikitulia."

Nikitulia! Mtu ambaye hata kwenye picha ya harusi yake ametoka na ukungu.

Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Bibi akafariki, na habari ilimfikia fundi ikiwa imeshapoa. Akaambiwa mtoto yuko kwa mama mdogo fulani, akasema afadhali, akarudi kwenye nyundo. Mama mdogo akashindwa, mtoto akaenda kwa jirani. Jirani akashindwa, mtoto akaangukia kwenye mikono ya shirika la hisani linalowatafutia watoto kama yeye nyumba, na shirika likamweka kwa mlezi wa muda huku likitafuta ndugu wa damu. Hivyo ndivyo asubuhi moja mwanamke kijana mwenye faili na viatu vya kutembelea alivyosimama kwenye mlango wa karakana na kuuliza kama hapa ndipo kwa dada wa marehemu fulani. Fundi alikuwa na pini tano mdomoni. Akazitema moja moja kiganjani, kila moja ikichukua muda wake.

"Mlete leo," akasema.

"Haiendi hivyo, Shangazi," akajibu yule mwanamke, ambaye tangu siku hiyo tumwite Dada wa Shirika. "Tutaenda polepole."

Polepole ndiyo dawa pekee ambayo fundi hajawahi kuinywa. Lakini aliinywa. Miezi mitatu ya kutembelewa, kuulizwa, kukaguliwa choo na nyaya za umeme. Shirika halikuja mikono mitupu, lazima lisifiwe: lilileta kitanda na godoro, likabeba mambo ya shule, likamwingiza fundi kwenye kikundi cha walezi kinachokutana kila Jumamosi katika chumba cha nyuma cha maktaba. Na likampa sharti moja dogo, dogo kwa mtu mwingine: kila siku, dakika ishirini, mlezi akae sakafuni na mtoto. Mtoto achague mchezo. Mlezi asifundishe, asitengeneze, asipange kitu. Akae tu.

"Tu?" aliuliza fundi.

"Tu," alisema Dada wa Shirika.

Binti alifika akiwa na miaka tisa na begi la turubai la kijani. Zipu ilikuwa imekufa, begi limefungwa kwa kamba ya kiatu, na kiatu kilichotoa kamba hiyo kilikuwa kinapwaya mguuni. Aliamkia vizuri. Alikula alichopewa. Jioni akaoga, akavaa nguo za kulalia, akavaa viatu juu yake, akapanda kitandani, begi miguuni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, fundi akajiambia, lakini usingizi haukuja. Alipomweleza Dada wa Shirika, aliambiwa asimvue. "Viatu atavivua mwenyewe. Wewe usiviseme."

Dada wa Shirika naye alikuwa na lake. Kila akija, kabla ya kukaa, macho yake yalitafuta begi. Liko wapi leo? Kitandani, chini ya kitanda, mlangoni? Hakuandika mbele za watu, ila fundi alimwona. Naye akaanza kulipima begi lile kwa macho, asubuhi na jioni, kama watu wanavyopima tangi la maji.

Mambo yakaanza kulegea. Mwezi wa pili vitu vikaanza kutoka kwenye begi na kutambaa ndani ya nyumba. Chanuo likatokea dirishani. Madaftari chini ya meza ya kukatia vitambaa. Picha ya baba yake ikaegemezwa kwenye cherehani, na mbele yake vifungo vya makochi, vile vya kufunikwa kwa kitambaa, vimepangwa mstari mmoja kuanzia mkubwa. Fundi akiviona mikono inamwasha. Kila asubuhi, mtoto akishaenda shule, alivikusanya vyote, akafuta vumbi, akakunja vya kukunjwa na kuvirudisha ndani ya begi, kila kitu mahali pake, visije vikapotea kwenye vumbi la sponji. Jioni mtoto anavitoa. Asubuhi fundi anavirudisha. Aliuona ni ugomvi wa kawaida wa mtoto na usafi, akaupenda hata.

Na mwezi wa nne, asubuhi moja, alimkuta mtoto amelala na kiatu kimoja. Kingine kilikuwa sakafuni, kimelala ubavu. Fundi alikwenda karakana akamsimulia mteja aliyekuja kuulizia meza. Mteja akasema hongera, hakuelewa ya nini.

Furaha ile haikumaliza wiki mbili. Dada wa Shirika alikuja na habari: kamati ya ustawi wa watoto ingekaa baada ya wiki tatu kuamua binti akae wapi moja kwa moja. Yeye mwenyewe angekuja siku chache kabla, azungumze na mtoto peke yake, na neno la mtoto ndilo litakalokuwa zito. Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza kwamba wako mume na mke waliojiandikisha kuasili mtoto, walimu, watu wazuri, ambao wangekuwa tayari ikiwa huku kungeshindikana.

"Wana nyumba kubwa?" aliuliza fundi.

"Shangazi, si mashindano."

"Nauliza tu. Wana bustani?"

Dada wa Shirika akahema. "Wana bustani."

"Na bembea?"

Kimya kilichofuata kilikuwa na bembea ndani yake. Fundi aliipigilia misumari miguu ya kochi ambayo tayari ilikuwa na misumari ya kutosha.

Wiki ile hakuna aliyeishi vizuri pale. Fundi alipaka rangi mlango, akaona rangi mbaya, akaukwangua. Alihamisha kitanda cha mtoto kutoka ukuta huu kwenda ule, akakirudisha. Alipima karakana kwa futi kamba kuona kama bembea ingeenea, ikaenea, ila ukibembea unagonga cherehani. Zile dakika ishirini alikuwa anazitimiza hivi: anachuchumaa, anaokota nyuzi za zulia, anauliza "tunacheza nini?" huku jicho liko kwenye chai. Hatimaye akakata shauri atoe kitu ambacho walimu wale, na bustani yao, hawawezi. Kazi ya mikono yake.

Mtoto akiwa shuleni akalichukua lile begi la kijani. Akalimwaga, akalifumua, akalishona upya kuanzia chini. Kitako akakitia turubai mara mbili. Mshipi wa kubebea akaukata kwenye ngozi iliyobaki ya kochi la mwanasheria. Zipu akaweka ya shaba, pana, ile anayowawekea wateja wenye kujua. Akavirudisha vitu vyote ndani, vimekunjwa, vifungo ndani ya kimfuko chao, akaifunga zipu mwisho hadi mwisho. Ilipita kama siagi. Hajawahi kuipenda kazi yake kama siku ile.

Mtoto aliporudi alikuta begi juu ya meza, limesimama lenyewe.

"Umeona?" alisema fundi, akizunguka meza. "Hili sasa hata uzunguke nalo dunia nzima halichaniki."

Mtoto aliugusa mshipi. Akaivuta zipu kidogo, akaifunga. "Asante sana, Shangazi," akasema, kwa adabu kubwa, adabu ambayo ilikuwa haijaonekana tangu wiki ya kwanza.

Usiku ule alilala na viatu vyote viwili. Kesho yake chanuo halikuonekana dirishani, wala picha kwenye cherehani. Alikula hadi punje ya mwisho, akaosha sahani, akauliza kama kuna kazi nyingine. Mgeni wa kupigiwa mfano. Fundi alimtazama akasema moyoni: basi, ameshachagua bembea.

Jumamosi kikundini hakuweza hata kujifanya amekaa. Alizunguka nyuma ya viti mpaka mwezeshaji akapoteza maneno. Mwisho alivutwa sketi na mwanamke mzee aliyekuwa akilea wajukuu wawili waliozaliwa siku moja, Bibi wa Mapacha, ambaye huwa hasemi mengi kwa kuwa mapacha humaliza maneno yote nyumbani.

"Una nini, mwanangu? Unatuzungusha vichwa."

Fundi akamwambia yote, amesimama, kwa pumzi moja: kiatu kimoja, viatu viwili, walimu, bembea, na namna alivyolitengeneza begi, zipu ya shaba, ngozi, kitako mara mbili. Alipofika kwenye begi Bibi wa Mapacha aliacha kufuma.

"Zile dakika ishirini unazifanya?"

"Nazifanya."

"Ukiwa umekaa?"

Fundi akaangalia dirishani.

"Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," alisema Bibi wa Mapacha, "na wewe mwana umeletewa amekwisha kutembea. Nenda nyumbani. Kaa chini. Mikono ikikusumbua ikalie."

"Niikalie?"

"Iweke chini yako uikalie kabisa. Mimi nilifanya hivyo mwezi mzima. Mengine mtoto atakwambia mwenyewe."

Alirudi nyumbani mchana. Akafunga mlango wa karakana na kumwacha mteja mmoja akigonga. Mtoto alikuwa sakafuni chumbani, mgongo ukutani, begi pembeni, viatu miguuni. Fundi akakaa mbele yake, akaiweka mikono chini ya mapaja na kuikalia. Magoti yakaanza kurukaruka. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika tano.

Saa nane na robo vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kulikuwa na uzi mwekundu kwenye zulia, pale pale, inchi mbili kutoka gotini. Fundi aliuangalia uzi ule jinsi mtu mwenye kiu anavyoangalia bomba. Hakuuokota.

"Shangazi," alisema mtoto.

"Ee, mama."

"Nitaondoka kabla ya mtihani au baada?"

Fundi alihisi anainuka. Mikono ilimzuia, maana alikuwa ameikalia. "Nani amekwambia unaondoka?"

Mtoto akaelekeza kidevu kwenye begi.

"Begi?"

"Mama mdogo aliponinunulia hili begi, kesho yake nikaenda kwa jirani. Jirani alinifulia nguo zote siku moja, hata safi, kesho yake wakaja wa shirika. Kule kwa mlezi waliniandikia jina kwenye begi, nikaja hapa." Alihesabu kwa vidole, bila hasira, kama anasoma ratiba ya masomo. "Wewe umetia zipu. Na kila siku nikitoa vitu vyangu unanifungia."

Kuna maumivu ambayo mtu akiyapata huomba aadhibiwe kwa kofi ili yapungue. Fundi alimwona mume wake wa zamani na soksi zake. Aliviona vikombe vya msiba. Maisha yake yote amekuwa akiwafungia watu mizigo, vizuri, kwa upendo, halafu anashangaa wameondoka.

"Mimi nilidhani wewe ndiye unayetaka kwenda," alisema. "Viatu. Unalala na viatu."

"Vya kuwahi."

"Kuwahi nini?"

"Wakija. Kutoka kwa mama mdogo niliondoka peku."

Mteja aliacha kugonga. Magoti ya fundi yaliacha kuruka, sijui lini, hakuona.

"Nikwambie kitu kibaya," alisema fundi. "Baba yako alipokufa nilisema nitakuja kukuchukua. Nilisema nikitulia. Sikuja."

"Najua. Bibi alikuwa anasema. Anasema, shangazi yako anatulia, akimaliza atakuja." Mtoto akamtazama vizuri, juu mpaka chini, kama mteja anayekagua kochi. "Umetulia?"

Angeweza kudanganya. "Bado. Na sidhani kama nitatulia."

Mtoto alifikiri. "Lakini umekaa," akasema.

Saa ilikuwa nane na dakika arobaini na mbili. Fundi alilia basi, alilia kwa sauti, pua inatiririka na mikono bado iko chini yake hana cha kujifutia, mpaka mtoto akainuka akamletea kipande cha kitambaa cha kochi, cha maua, kinachokwaruza. Hapo ndipo alipoitoa mikono.

"Hili begi tulifanyeje?" aliuliza baadaye. "Ni lako. Useme wewe."

Mtoto hakuchukua muda, na ikaonekana kwamba jambo hilo alishalifikiria siku nyingi. "Tulijaze sponji. Halafu ulishone."

"Nilishone wapi?"

"Mdomo."

"Juu ya zipu? Zipu ya shaba ile?"

"Ee."

Ilimuuma, tusimfiche, fundi ni fundi. Lakini walilimwaga begi wote wawili, vitu vikatawanyika chumba kizima, na safari hii hakuna aliyevikusanya. Walisindilia vipande vya sponji mpaka begi likavimba na kuwa duara. Fundi alichukua ile sindano iliyopinda na uzi wa nailoni, akashona mdomo juu ya zipu, mara mbili. Mtoto alichagua kifungo kikubwa kuliko vyote, cha bluu, wakakipitisha katikati na kukikaza hadi pakaingia kishimo. Mtoto akalikalia. Likashuka kidogo, likambeba.

Siku ya Dada wa Shirika ilipofika, fundi aliambiwa angoje nje ya chumba, kama kanuni inavyotaka. Nje maana yake karakana, na kati ya karakana na chumba kuna pazia tu. Alisimama kando ya kochi la daktari wa meno lililokuwa limekamilika. Nyundo aliiweka mbali naye. Alisikia kikombe kikiwekwa mezani. Alisikia mtoto akimwambia mgeni akae pale, si pale, hapa, na mgeni akishukuru.

Maswali yakaja, sauti ya chini. Shule vipi? Nzuri. Unakula vizuri? Ee. Shangazi anakaa na wewe zile dakika ishirini? Mtoto akasema anakaa, ila miguu yake inacheza. Dada wa Shirika akacheka. Unajua wako watu wengine wangependa kukulea, wana nyumba yenye bembea? Najua. Ungependa kukaa wapi? Fundi alisikia mkate ukitafunwa, taratibu, na kila tonge lilipita kwenye koo lake mwenyewe. Aliiweka mikono kwapani. Dada wa Shirika hakuharakisha. Kisha, labda kwa sababu ya kanuni, labda kwa sababu macho yake yalikuwa yameshazunguka chumba kizima, yakaona chanuo dirishani na viatu viwili mlangoni na yasione kile yanachokitafuta siku zote, akauliza:

"Begi lako liko wapi?"

"Umelikalia," alisema mtoto.

Upande wa pili wa pazia, fundi alikaa kwenye kochi la daktari wa meno, bila kulipima kwanza.